Nyundo ya Papa

Jumamosi, Kamembe. Mvua ya asubuhi imeacha tope mpaka mlangoni, lakini sasa jua limetoka na nguo zetu za umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, zinakauka uani. Moyo wangu umetulia. Tangu Alhamisi haukuwa umetulia.

Papa ni fundi. Anayeyusha vyuma chakavu na kuvimimina viwe masufuria, na akipata shaba ya njano anatengeneza kengele za mbuzi. Kila kipande cha shaba hukigonga kwanza kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, maana kuna wauzaji wanaopaka chuma rangi. Sikio lake analiamini kuliko macho.

Alhamisi nilitoka shule nikamkuta amefungua gunia lililotoka Gikundamvura. Ndani mlikuwa na mkebe wa maziwa ya unga ulioliwa na kutu, na ndani ya mkebe vitu vya shaba virefu kama vidole, vimeota ukijani. Papa alichukua kimoja, akakilaza juu ya fuawe, akanyanyua nyundo.

Kwetu mtoto hamkatizi baba akiwa kazini.

"Papa, usigonge. Iyo njo masasi."

Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Papa akabaki na mkono juu, kisha akacheka kidogo. "Ya zamani hivi? Imeshakufa, Salima. Imebaki shaba tu."

Nilimwambia tuliyofundishwa shuleni: risasi haifi kwa kuzeeka, na kutu humfanya mtu asijue itafanya nini. Nikamwonyesha nyingine iliyopinda kichwa. Nyuma yake tanuru lilikuwa limeanza kuwaka. Papa alitazama tanuru, akatazama mkebe karibu na miguu yake, na kicheko kikamwisha usoni. Akashusha nyundo. Akakichukua kile kitu na kukilaza chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Kisha akachota mchanga wa kumiminia masufuria na kuufunika moto wote.

Mkebe hatukuugusa tena. Tulifunga mlango wa karakana, tukafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa, na Maman akawapeleka wadogo zangu kwa jirani.

Nilidhani yameisha. Kumbe kulikuwa na jambo lililomtisha Papa kuliko mlipuko.

"Tukisema, polisi batauliza bunduki iko wapi," alisema. "Batanifunga, na karakana itakufa. Afadhali niende kuzitupa mu Rusizi, basi."

"Batoto banaoga mule," Maman akasema. "Na utazibeba na nini, mikono yako?"

 Sikuwa nimewahi kumwona Papa akiogopa. Nilitamani kumwambia kwamba hawatamfunga, lakini sikuwa na hakika, na sikutaka kumdanganya. Mwishowe aliomba simu, akampigia mwenyewe mkuu wa mudugudu, kijiji chetu.

Wanajeshi walifika kabla ya magharibi. Walituweka mbali, wakaingia wawili tu. Walipotoka, afande mwenye mvi alieleza kwamba baadhi ya risasi zilikuwa maganda ya zamani yaliyojazwa baruti upya kwa mkono, labda na mwindaji fulani. Hizo ndizo anazoziogopa zaidi, alisema, kwa sababu hakuna ajuaye mtu yule alitia baruti kiasi gani. Wangezichukua wao na kuziharibu mahali salama. Akauliza gunia lilitoka kwa nani, kisha akamgeukia Papa.

"Mzee, ulitaka kupikia bantu masasi?"

Papa hakujua kama acheke. "Hapana, afande. Nilitaka kengele."

"Ingelia mara moja tu."

Akampa mkono. Hakuna aliyefungwa.

Leo asubuhi tumezibua mifereji ya barabara, na baada ya kazi kukawa na mkutano kama kawaida. Papa hukaa nyuma na hasemi kitu. Leo alisimama, akaeleza yote, hata ile habari ya kutaka kuzitupa mtoni.

"Fundi," mtu mmoja akauliza, "na sufuria uliniuzia, nayo italipuka?"

"Iyo italipuka siku utapika wewe mwenyewe," Papa akajibu, na watu wakacheka.

Lakini mkutano ulipovunjika, bibi mmoja alibaki. Akamwambia Papa kwa sauti ya chini kwamba juu ya dari ya jiko lake kuna kifurushi cha marehemu mume wake, aliyekuwa akiwinda. Miaka yote ameogopa kukitaja. Akauliza kama akilete.

"Usikilete, Maman. Usikiguse hata kidogo, na moto usiwashe mule leo. Tuende pamoja kwa mkuu."

Niliwatazama wakiondoka, Papa akipunguza hatua ili bibi amfikie.

Jumatatu linakuja gunia jingine. Papa amesema tutalimwaga kwenye mwanga na kutazama kila kipande kabla ya kusikiliza chochote.

Mpaka wakati huo, nyundo amenipa mimi niitunze.