Ukurasa wa Tatu wa Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti
Sijawahi kumwambia mtu: napenda kusoma maandishi madogo. Karatasi za ndani ya boksi la dawa, masharti nyuma ya tiketi — yote. Wenzangu wakijua watanicheka mpaka nihame shule. Basi kazi ya likizo kwa mjomba ni raha tupu. Yeye ni mshauri wa uwekezaji. Mimi nabana pini vijitabu vya taarifa kwa mteja: anatoza nini, nani mwingine anamlipa. Sheria inataka kila mteja apewe kabla ya kusaini mkataba.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemaliza kukisoma kijitabu. Ukurasa wa tatu: mteja akiweka pesa kwenye ule mfuko wa uwekezaji ambao mjomba anausifu kila siku, wenye mfuko wanampa mjomba kamisheni. Na mteja akizitoa kabla ya miaka mitano, anakatwa sehemu ya pesa zake. Kukatwa kwelikweli! Hajaficha, imeandikwa. Ila nimeona anavyokitoa. Mteja anasaini kwamba amekipokea, kijitabu kinaingia kwenye bahasha pamoja na kalenda, bahasha inabandikwa gundi. Nikamuuliza mbona hawasomi kwanza. Akacheka.
"Mpwa wangu, sheria inasema niwape. Haijasema niwasomeshe."
Katibu wake akadakia kwamba mimi nitaolewa na kamusi. Haya.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Mteja wa kesho ni mkutubi wetu wa shule! Amestaafu juzijuzi, na mafao yote anayapeleka kwenye mfuko uleule. Siku ya kumuaga alituambia mwakani anaanza kujenga. Mwakani! Lakini nimsemee mjomba kwa mteja wake — mjomba anayenilipia ada?

Ijumaa, 8 Agosti
Mkutubi alikuja. Miwani kaisahau nyumbani. Alifurahi kunikuta, akauliza nasoma nini siku hizi. Mjomba akamwambia asihangaike, ni makaratasi ya serikali tu, atie saini hapa kwamba amepokea. Akashika kalamu. Halafu akanigeukia.
"Msomaji wangu, humu kuna la maana?"
Mjomba akanikazia macho. Na mimi ndiye yule ambaye darasani nikiitwa kusoma, sauti inakauka.
"Lipo, mwalimu."
Katibu akaacha kuchapa. Mkutubi akaweka kalamu mezani. Nikavuta kiti karibu naye, nikafungua ukurasa wa tatu, nikaanza kusoma kwa sauti.