Hutarudishwa Kadem na Maji

Wenzangu wa mapambano, kina mama wa Ndhiwa, vijana mliochoka kama mimi: leo nasema kwanza na mtu asiyeweza kuja mkutanoni. Sogeeni, msikie.

Mpendwa mama,

Korongo limefika kwenye mkonge wa mwisho. Anayetoka mlangoni mwa nyumba yako na kugeuka kushoto, ulikozikwa, huona kaburi lako, kisha kipande cha nyasi kisichotosha kutandika mkeka, kisha hakuna kitu. Ardhi imekatwa wima.

Unakumbuka utani wa Baba Mdogo? Kila baada ya mvua kubwa, kijito kilipopita chini ya shamba kikiwa na rangi ya chai nzito, alisimama uani akapaza sauti: "Nyar Kadem! Leo tena umewatumia wa kwenu mzigo!" Binti wa Kadem, ndivyo alivyokuita, kwa kuwa ulizaliwa kule Nyatike, mto Kuja unakoingia ziwani, ukaolewa huku juu, kwenye kijito kinachoumwagia maji. Nawe, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga ulizokuwa ukichambua, ulimjibu: "Hiyo ni mahari, shemeji. Ng'ombe mliobakisha kulipa wanajipeleka wenyewe." Uani kote kukawa kicheko.

Nilidhani ni utani mtupu hadi uliponipeleka kwenu. Ulichota udongo mweusi katika shamba la bibi, laini kama unga, ukaufinya kiganjani. "Huu ni wa kwetu kule juu," ulisema, nami nikatambua kwamba "kwetu" yako ilikuwa tayari Ndhiwa. Chuoni nimefundishwa majina ya ulichonionyesha. Maji yenye kasi humomonyoa na kubeba. Yakifika penye tambarare hulegea, hutua mzigo, huumba nchi mpya. Mto hauna hatia katika hilo. Umeifanya kazi hiyo tangu kabla ya ukoo wowote kujiita mwenyeji, na kwa uvumilivu wake mahindi ya bibi yalikuwa marefu kuliko wewe.

Kwa hiyo hasira yangu si dhidi ya mto. Ni dhidi ya malori.

Ulipotutoka kumfuata baba, Baba Mdogo, aliyebaki msemaji wa boma, aliwafungulia wachimba mchanga kijito chetu. Wamekikomba hadi sakafu yake imezama kupita kimo cha mtu. Na kijito kikishushwa, kila mfereji unaokiingia hujichimba upya ili ukifikie. Na mchimbo huo haushuki, bali hupanda, hutafuna shamba kutoka chini kwenda juu, kuelekea mlangoni. Ile safu ya mikonge uliyoipanda ili ishike ukingo, waliing'oa lori lipate pa kugeuzia, ukabaki mmoja. Waliing'oa, mama! Nilirudi likizo nikaikuta imelala mizizi juu.

Barazani nilisimama. Aliyeliongoza baraza hilo akasema mmomonyoko ni kazi ya Mungu. Baba Mdogo akatabasamu: "Nyathina, mtoto wangu, mvua ilikuwepo kabla hujazaliwa."

"Mvua ilikuwepo, Baba Mdogo. Lori halikuwepo."

"Na wewe kesho utaolewa uende. Hii ardhi inakuhusu nini?"

Watu walicheka. Walicheka wale wale waliokula ugali wako. Nikawauliza: aliyeolewa akaja hapa, akalima, akazaa, naye ardhi haimhusu? Mbona basi mlimzika humu?

Nani asiyejua desturi yetu? Mke huzikwa kwa mumewe. Kumrudisha kwao akiwa maiti ni kutangaza kwamba hakuwahi kuwa na boma. Ndivyo wanavyokufanyia, kwa sepetu na kwa tabasamu. Mvua moja kubwa tu, na ule utani wa uani utatimia: Nyar Kadem ndiye atakayekuwa mzigo.

Naambiwa nitulie. Sitatulia. Hata kwenu hawacheki tena: udongo unaoporomoka huku umeujaza mto, na mafuriko yameingia jikoni kwa bibi. Huku tunaporwa, kule wanafukiwa, na mwenye lori analala usingizi mnono.

Nilimpigia mjomba simu. Akasema: "Udongo wenu tumepokea wa kutosha. Dada yetu, hapana." Anakuja na wanawe, na miche ya mkonge.

Lala papo hapo ulipolazwa, mama. Hatutakuhamisha wewe, watahama wao.

Kitindamimba wako,
binti wa Nyar Kadem

Nanyi mliosikia: tunakutana kaburini kwa mama. Njooni na mawe ya kujaza korongo. Atakayekuja mikono mitupu ataketi nami barabarani, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla lori la kwanza halijateremka.