Nakala za Jumamosi

Jumamosi, 4 Septemba 1976. Lodwar.
Joto. Lori la Ekai, dereva wetu, limeondoka saa moja kwenda Kakuma na dizeli, bila bahasha yangu. Jumamosi ya tatu sasa. Mpango ni wangu: kila wiki kunakili kwa mkono daftari la visima, lenye kina cha maji ya kila kisima, nakala ikae stoo ya Kakuma, ili la hapa likipotea kampuni isibaki kipofu. Nilipouleta, meneja, Bwana Karanja, alicheka. "Karani, unataka daftari lioe mke wa pili?" Mwezi uliopita alimwandikia mkubwa wa Nairobi kwamba mpango ni wake. Barua nimeiona, mimi ndiye ninayefunga bahasha. Basi na anakili yeye.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Hesabu nilijifunza nikihesabu magunia kwenye kinu cha unga. Jasho langu halibebwi hivihivi.

Jumatatu, 6 Septemba.
Injini ya kisima namba 19 imefika kutoka Kitale. Kisima kipo nje ya Kakuma, kilichimbwa katikati ya Agosti kikafunikwa. Watu wamekwisha kuhamia pale na mifugo. Wanachimba mchanga wa mto, hawapati kitu. Pampu ifungwe wiki hii.

Jumanne, 7 Septemba.
Mbuzi. Ofisi ya mabati ilikuwa tanuri, meneja akatoa meza nje, kivulini, na daftari juu yake. Saa sita akaingia ndani kuongea na Nairobi kwa simu ya upepo. Ukame huu mbuzi wanakula hata mifuko ya saruji. Wamekula kurasa kumi na moja za mwisho. Namba 19 imo tumboni.

Ekai alicheka mpaka akashikilia lori lake. "Chinja, karani, usome."

Meneja hakucheka. "Si nakala ipo Kakuma," alisema, ametulia kabisa. Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo?

Jumatano, 8 Septemba.
Maji ya 19 yako futi 212. Au 221. Kichwa changu hakijawahi kunidanganya kwenye tarakimu. Leo kinanipa zote mbili, na zote kinaapia.

Bomba moja ni futi 20. Pampu izame futi 20 chini ya maji. Kwa 212, mabomba 12. Kwa 221, 13. Stoo yamebaki 13, na moja limetengwa la kisima cha Lorugum. Mabomba yanapakiwa hapa, na dizeli ni ya safari moja. Tukifika na pungufu, tunangoja wiki nzima. Mifugo haingoji wiki. Watoto pia.

Jioni.
Nimemwambia meneja. Nakala za Kakuma zinaishia namba 17. Wiki tatu sikunakili, na sababu nimeitaja: barua. Akaangalia chini kidogo. Kisha: "Kwa hiyo watu wanywe hasira yako?"

Nikaomba bomba la Lorugum.

"Chukua. Lisipohitajika, baki hukohuko."

Anaweza. Alishamfukuza fundi kwa spana iliyopotea.

Alhamisi, 9 Septemba. Kakuma.
Siku nzima mchanga na pancha mbili. Mzee Lokol, mweka stoo, alifungua sanduku la chuma. Nakala zangu zote zimepangwa, jiwe juu, hakuna hata kona iliyokunjika. Hajui kusoma. Anazitunza kuliko mimi.

"Ejok, karani," alinisalimu kwa Kiturkana. "Bahasha zako zilikufa?"

"Niliziua mwenyewe, mzee."

Akafunga sanduku. Afadhali angetukana.

Ijumaa, 10 Septemba.
Tumefungua kifuniko cha 19. Wanawake wamekaa na madebe yao. Kamba na chuma mwishoni, fundo kila futi mbili. Lokol anateremsha, mimi nahesabu. Fundo la 106, kavu. La 111, kavu. Maji: fundo la 117. Futi 234. Nilirudia, ikawa hiyohiyo.

Si 212, si 221. Ama ukame umeyashusha, ama kichwa kilidanganya mara mbili. Sitajua. Aliyejua ni mbuzi.

Mabomba 12 yangezama futi sita tu. Injini ingevuta upepo kabla ya debe la tano. 13 yanatosha. Tumeyateremsha yote.

Jumamosi, 11 Septemba.
Maji yalitoka saa nne, tope kwanza. Wanawake walipanga foleni bila kuambiwa. Mmoja alionja, akatema, akaonja tena, akajaza.

Nimeandika namba 19 kwenye karatasi mbili, tarehe ya kupima na futi 234. Moja narudi nayo Lodwar. Lokol aliomba nimsomee yake kabla hajaifungia, akairudia namba kwa sauti ndogo.

Barua ya Nairobi haijasahihishwa. Kinyongo bado ninacho. Ekai anapakia. Injini ya 19 inasikika mpaka hapa stoo.