Stajeri Mwenye Seramu Mkononi

Nyamianda, Uvira
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Tantine Florentine,

Uko namna gani huko Kalemie? Mguu umepoa? Sisi tunaamka, Mungu ni mwema. Baba Candide, Térence, bado yuko juu Mulenge kwa kazi ya ng'ombe, nabaki na mama yake na mtoto.

Tantine, nimepata kazi. Kuna ajansi inatafuta wauguzi wa muda wa kambi ya kipindupindu. Kwanza ni formasio wiki mbili kama stajeri, mwanafunzi wa kazi, na humo wanatoa pesa ya moto tu, pikipiki ya kwenda na kurudi. Wanasema hakuna anayelipwa kwa kufundishwa.

Shida yangu ni Candide, maana bado ananyonya. Ili anyonye saa sita, lazima mama mkwe amlete kwa moto mpaka geti ya kambi, na pesa ile inatosha mimi peke yangu. Mama mkwe akasema, "Weye, pakaa pilipili ku titi. Ataachaka." Mimi nilimchukua mtoto, nikamnyonyesha. Ana miezi saba tu.

Siku za kwanza tulikaa kwenye viti, tukasikiliza. Halafu wagonjwa wakajaa, na Étienne, shefu wa ajansi, akatuambia tuvae mabuti tuingie. Nilitundika seramu, yale maji ya kuingia mshipani, peke yangu, nikamwaga ndoo, kazi yote ya muuguzi. Jioni tukapewa ile ile ya moto.

Louise, mwenzetu wa Kavimvira, unajua watu wa mpakani hawanyamazi. Akamuuliza Étienne, "Shefu, weye ulitufundisha stajeri hashikaki mugonjwa bila mukubwa wake pembeni. Sasa sisi ni nani?"

Étienne akasema, "Mama Louise, weye ungefaa avoka, wa kutetea watu ku tribinali."

"Basi unilipe ya avoka."

Tulicheka, lakini hakuna kilichobadilika.

Kesho yake nilishika sindano, nikafikiri juu ya pilipili ile, kwamba bila malipo nitaipakaa kweli, nikaita, "Shefu, kuya usimame hapa, stajeri anataka kutundika seramu." Akaja. Louise akaita kutoka kitanda kingine. Wote tukaita, kila seramu. Mgonjwa hakucheleweshwa hata mmoja, maana Étienne alikuwa anakimbia na mabuti yake, jasho mpaka kwenye kidevu. Kufika saa sita akapigia wakubwa wake wa Bukavu simu, kwamba peke yake hawezi kusimama kila kitanda.

Jibu limekuja jana. Kuanzia Jumatatu tunalipwa kama wauguzi. Siku zilizopita zimepotea. Louise anasema ni wizi, na ni kweli, lakini atabaki. Mimi pia.

Jumatatu mama mkwe atapanda moto na mtoto. Saa sita nitanawa kwa maji ya klorini, nitavaa kitenge kisafi, nitatoka getini nimnyonyeshe. Mama mkwe bado ananuna kidogo.

Msalimie Ba Antoine, na Ernestine na watoto wake. Mungu awafunike wote, akupe miguu ya kupanda boti. Ukija Pasaka, utamkuta Candide angali ananyonya.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Délice, mama Candide