Sasisho la Ijumaa

Ijumaa, 6 Machi

Vifurushi mia mbili na kumi na viwili vya programu mpya! Nimefumba macho, nikabonyeza ndiyo. Linux hii, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, haijui kupumzika. Haina toleo la mwaka huu wala la mwakani, vitu vipya vinamiminika kila siku, na ukikaa mwezi bila kusasisha utajuta. Hayo ni maneno ya Kaka. Ndiye aliyeniwekea mfumo huu miaka mitatu iliyopita, na ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe: kugeuza vitabu na mitihani kuwa nukta nundu, ili watoto wasioona wasome kwa vidole.

Saa tano simu. Kaka, kama kila Ijumaa. Umesasisha? Imewaka vizuri? Nikamwambia salama salimini. Akacheka, akasema mimi ndiye fundi wake. Nimefurahi mpaka nikaona haya. Nani mwingine ana kaka wa kupiga simu kuulizia afya ya kompyuta yake?

Jumamosi, 7 Machi

Si salama!

Printa ya nukta nundu imeharibikiwa akili. Inagonga, karatasi inatoka — lakini fujo tupu. Nimepitisha kidole, sikupata hata neno moja. Na huu ni mtihani wa sayansi: kurasa ishirini na nne, watoto kumi na mmoja. Mwalimu mkuu wa shule yao anazitaka Jumatano jioni. Alhamisi saa tatu asubuhi wenzao wanaoona watafungua karatasi zao. Wangu watafungua nini?

Nikampigia Kaka. Kasema yeye pia amesasisha jana, na yake haina tatizo hata chembe. Kasema basi nitakuwa nimechokonoa kitu. Si najijua nilivyo na mikono isiyotulia!

Nimeshinda nikiitazama hiyo mikono.

Jumapili, 8 Machi

Nimeondoa programu ya printa, nimeirudisha. Nimebadilisha waya. Nimezima, nimewasha. Nimesema nayo kwa upole, kisha kwa matusi. Fujo ileile.

Jumatatu, 9 Machi

Nikapata wazo: kurudisha programu ya zamani. Mashine huwa inatunza vifurushi ilivyowahi kupakua — ila mimi nilivifuta mwezi uliopita. Kaka alisema vinakula nafasi bure. Nikakitafuta kifurushi mtandaoni, nikakipata, nikakiweka. Hakikubali kufanya kazi bila wenzake wa zamani, na wenzake nao wakadai wenzao. Nikaacha kabla sijabomoa nyumba nzima.

Mwalimu mkuu kapiga. Kauliza polepole kama awaandae watoto kusubiri mwakani. Mwakani! Nikasema hapana, zitafika. Pale kuna msichana anayesoma kazi zangu tangu darasa la kwanza; akikuta nukta iliyokosewa hunitumia salamu za kunicheka. Nimekata simu, nikakaa sakafuni, nikalia. Mjinga mimi. Watoto kumi na mmoja, kwa sababu siwezi kutuliza vidole.

Kisha nikamwomba Kaka nichapie kwake. Kasema kesho ana kazi, nije Jumatano.

Jumatano, 11 Machi, mchana

Naandika nikiwa mezani kwake. Printa yake inagonga vizuri, nukta safi kabisa. Nakala ya nne inatoka. Kaka amekwenda kununua karatasi nzito za kazi yake; mimi natumia zangu nilizokuja nazo.

Wifi kaniletea chai. Kanipa pole ya mashine. Kasema lakini angalau safari hii nimemwokoa mume wake. Nimemwokoaje? Akashangaa. Si ndiyo mpango wetu? Mimi nasasisha Ijumaa, Kaka anasubiri mpaka Jumapili. Nikiwa salama naye anafuata. Nikilia, anatulia. Alidhani najua! Alipoona sura yangu akakumbuka kitu jikoni.

Nikaweka kikombe chini, nikafungua kumbukumbu za mashine yake. Mashine haina undugu, inaandika kila sasisho na tarehe yake. Jumapili. Jumapili. Jumapili. Miaka mitatu, kila mara siku mbili nyuma yangu. Sasisho la mwisho ni la tarehe mosi. Kwa hiyo ile Jumamosi aliponiambia naye amesasisha, alinidanganya kavukavu.

Nikatafuta zaidi, laiti ningeacha. Kwenye mipangilio kuna mstari mmoja: programu ya printa isiguswe. Umeandikwa Jumatano iliyopita, siku mbili kabla ya Ijumaa yangu. Bila shaka alisikia tetesi mahali kwamba toleo jipya ni bovu. Akafunga mlango wake. Halafu akanipigia simu kuniuliza kama nimeshaingia!

Miaka mitatu nilidhani zile simu ni mapenzi. Kumbe alikuwa ananionjesha chakula kwanza, aone kama nitaanguka. Mimi! Tumbo moja! Na kaniacha nilie siku nne kwa kosa la mikono yangu. Hilo la mikono ndilo linaloniunguza. Angeniambia tu Jumamosi, ningemsamehe nikiwa bado na simu sikioni.

Saa tisa na nusu

Nakala ya kumi na moja imetoka. Nimepitisha kidole kila ukurasa. Zimefungwa, dereva wa shule amezichukua. Watoto watafanya mtihani wao.

Ningeondoka. Mkoba uko begani. Lakini Kaka naye ana kazi ya kuchapa kesho — ripoti ya kampuni kubwa kwa nukta nundu, nakala arobaini. Asubuhi alinitajia kwa maringo, huku akinivutia kiti.

Neno lake la siri ni tarehe aliyozaliwa Mama. Nimefuta ule mstari wake wa kuilinda printa. Nimeandika amri ya kusasisha. Vifurushi mia tatu na sita. Mashine inauliza: niendelee, ndiyo au hapana?

Nimeandika hapana. Nimeifuta.

Namsikia kwenye ngazi, anahema na mzigo wa karatasi. Ananiita Kitindamimba, kama tulipokuwa wadogo. Anasema nisiondoke, eti amenichukulia na mimi pakiti mbili, ameona zangu zimekaribia kwisha.

Nimeandika ndiyo. Bado sijabonyeza.