Niliwaonea Huruma Vijidudu

Jumanne, tarehe 14. Miezi saba na siku tano tangu nitoke nyumbani Hola. Asubuhi mvua, sasa jua linachoma. Mgongo unauma, lakini leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nafanya kazi nyuma ya hoteli moja hapa Watamu, kwenye matangi ya maji taka. Tuko wawili, mimi na Mzee Kahindi, fundi mkuu, mtu wa Vitengeni. Nilipofika alinieleza kwamba wanaosafisha maji ni vijidudu, si sisi. Mashine ya hewa ikiwaka, wanageuza uchafu wa mkojo kuwa naitreti. Ikizimwa kwa muda wa saa mbili, wengine wanavuta hewa iliyomo ndani ya hiyo naitreti, na naitrojeni inatoka juu kwa mapovu madogo. Hapo maji yanaweza kuteremka kwenye mikoko bila kudhuru kitu.

Mimi niliishia darasa la sita. Nilichoshika ni kwamba wale ni viumbe hai na wanapumua.

Basi niliwaonea huruma.

Kila Mzee alipozima mashine akaenda kula, niliiwasha, nikaizima kabla hajarudi. Niliona kama wanakabwa roho. Nilifanya hivyo majuma matatu. Maji yakapimwa, naitreti iko juu. Yakapimwa tena, imezidi. Meneja akamwambia Mzee mbele yangu kwamba kipimo cha tatu kikiharibika, atafute kazi kwingine. Miaka kumi na moja yuko hapa. Alijibu tu, "Sawa, bosi."

Nilijua ni mkono wangu uliowasha mashine, lakini nilificha siku mbili. Hilo linanitia aibu kuliko lile kosa lenyewe.

Siku ya tatu nikamwambia. Alikaa juu ya ndoo, akacheka hadi akashika mbavu.

"Komora weye! Walea vijidudu kama vifaranga vya mamayo?"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Hawafi, mwanangu. Ukiwapa hewa ya bure, naitreti wataigusia nini? Weye ukiletewa pilau, utakula ugali wa jana?"

Kisha akanyanyuka, akaenda kwa meneja kusema kosa ni lake, hakunifundisha vizuri. Nikaingia nyuma yake nikasema ni langu. Tukabishana mbele ya meza ya mtu. Meneja akatufukuza ofisini, akasema kipimo ndicho kitakachoamua.

Tangu hapo mashine ikizimwa naweka mikono mfukoni, natazama mapovu yakipanda.

Leo majibu yamekuja. Naitreti imeshuka, maji yamepita.

Mzee anabaki. Hata mimi nabaki, na nimepewa likizo. Baadaye nimesikia kwamba yeye ndiye aliyeniombea likizo hiyo. Mtu niliyekaribia kumkosesha kazi.

Ahsante Mungu kwa kunileta chini ya mkono wake.

Mama Amina, mke wangu, kama unasoma haya, naondoka Watamu kuja nyumbani Ijumaa ijayo alfajiri. Magharibi haitanikuta njiani.