Gunia Nyuma ya Mlango

Ifakara,
Jumanne jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba kujua hali yako na ya baba huko Mofu. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua kupanda dungu la kulindia shamba? Mjomba Gasper alipoleta samaki sokoni alisema mpunga wetu umeanza kuinama, lakini kwelea kwelea ni wengi hadi sauti yako imekauka kwa kuwafukuza. Pole sana, mama. Mimi sina homa, nakula, na shuleni naenda kila siku.

Barua hii nampa Mjomba mkononi. Naomba uisome mwenyewe, polepole kama unavyosoma kitabu cha nyimbo, usimpe mtu akusomee. Utauliza kwa nini sikukwambia kwa simu. Mama, kila ulipopanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, mimi nilipokea kwa simu ya Mama Festo, naye huweka sauti kubwa na kukaa pembeni akichambua mchele. Uliponiuliza kama niko salama nami nikajibu niko salama, ujue tulikuwa watatu.

Najua uliniacha kwake kwa moyo mweupe. Wenzangu ambao wazazi wao wamehamia shamba wamepanga vyumba peke yao, nawe ulimshukuru Mungu kwamba mimi nina mama wa ubatizo mwenye nyumba na geti. Hata mimi nilishukuru.

Sasa habari za shule. Mwezi wa pili Mwalimu Restuta, mwalimu wetu wa malezi, alitukusanya wasichana na wavulana pamoja. Alisema kumshika mtu asiyetaka, kumvizia njiani na kumtisha si utani wala si ujana, ni ukatili. Wavulana wa nyuma walicheka, mmoja akasema basi hata salamu sasa itahitaji kibali cha mkuu wa shule. Mwalimu alimsimamisha, akamwambia amsalimie. Alipokwisha kusema shikamoo, mwalimu akamuuliza kama salamu hiyo imehitaji kumvuta mtu mkono.

Akatundika sanduku la mbao karibu na maktaba, ili anayeonewa aandike bila jina. Kwa kuwa mwandiko wa mtu hujulikana, alinichagua mimi ninakili kila barua kwa mkono wangu kabla haijafika kwa mkuu wa shule. Alisema mwandiko wangu ni safi na mdomo wangu ni mzito. Nilijivuna, mama. Nilikukumbuka ulivyonifundisha herufi kwa kidole, juu ya unga uliotandaza kwenye ungo.

Wiki ya tatu nilifungua karatasi moja, nikaujua mwandiko kabla ya kusoma. Ulikuwa wa Agnella, tunayekaa dawati moja. Alieleza kwamba mvulana wa kidato cha nne humvizia nyuma ya mashine ya kukoboa, humshika kwa nguvu, na humwambia kuwa akisema, atatangaza shule nzima kwamba Agnella ndiye anayemtaka. Jina lake Agnella hakuliandika. La mvulana aliliandika. Ni Festo.

Mama, barua ile sikuinakili. Niliikunja nikaificha ndani ya soksi. Agnella alipoanza kuuliza, kama mtu anayeuliza tu, eti barua za sandukuni huwa zinafika kweli, nilimjibu zinafika. Tangu wiki iliyopita haji shule. Bibi yake anasema ni tumbo.

Nilijiambia naificha kwa heshima ya nyumba iliyonipokea. Nikimtaja mtoto wao nitalala wapi? Nitarudishwa dunguni kufukuza ndege, na mtihani wa kidato cha pili ni Novemba. Lakini ukweli ni kwamba kila neno la Agnella nililijua. Mlango wa chumba nilichopewa hauna komeo. Lile gunia la mpunga uliloniletea kama chakula cha msimu, nilikataa lisipelekwe mashine. Mama Festo alinitania mbele ya wageni kwamba mtoto huyu mchoyo, anakula ugali wetu na kulalia mpunga wake. Sikulilalia, mama. Nililisukuma nyuma ya mlango, kwa sababu usiku Festo alikuwa anakuja kujaribu kuufungua. Hakuwahi kuingia. Lakini jikoni na njia ya bafuni hakuna gunia.

Jana nilimpelekea Mwalimu Restuta barua ya Agnella, imechakaa, pamoja na yangu yenye jina langu kamili. Hakunigombeza. Alisema na yeye amekosa, kunibebesha siri za wenzangu bila kuniuliza ninaishi wapi. Akanichukua nikalala kwake, na leo amekwenda mwenyewe kwa bibi yake Agnella. Amekupigia mara nyingi, hupatikani. Alhamisi ofisa ustawi wa jamii na askari wa dawati la jinsia watakuja shuleni, nao wanamtaka mzazi wangu.

Mama Festo ameshasikia. Amesema nimewavua nguo watu walionisimamia ubatizo, na kwamba atatuma mtu Mofu ili yamalizwe kifamilia. Huenda mtu huyo akakufikia kabla ya Mjomba. Nakuomba, mama, usikubali yamalizwe nyumbani, na umwombe baba asije kunichukua nirudi shamba kana kwamba mkosa ni mimi.

Najua siku moja bila mtu dunguni ndege hawatusamehei. Hata hivyo naomba uje. Gunia bado liko kule, nyuma ya mlango, na sitaki kulifuata peke yangu. Ukija tutalitoa wote wawili, tulipeleke mashine, na mchele wa kwanza tumpelekee Agnella. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba barua yake sasa imefika.

Nisalimie baba, mwambie shikamoo yake nimeihifadhi. Nisalimie na majirani wa madungu yote hadi mtoni.

Ni mimi mwanao ninayekusubiri,
Evelina